Kamera ya kazi haipatikani: juu ya nini inachelewa kufika Goma, na namna ya kuingoja bila kupoteza feza

Ukizunguka studio za picha, kuanzia hapa Kanyaruchinya mupaka Majengo na Birere, utasikia maneno yaleyale. Kamera mupya imetoka, watu wote wameiona kwenye simu, bei yake inajulikana, lakini kuipata ni shida. Muuzaji anasema ngoja kidogo. Kidogo inakuwa mwezi mumoja, miezi mitatu, wakati mwingine nusu mwaka. Na mara mingi mupiga picha amekwisha kutoa feza ya mbele.

Wasikilizaji wetu wengi wanafikiri kwamba ni wauzaji wa Goma tu ndio wanawachezea. Kuna wanaocheza, ndiyo. Lakini kamera za kazi zinakosekana hata Tokyo, Paris na New York. Katika habari hii tunaeleza ukosefu unatoka wapi, juu ya nini sisi tuko nyuma kabisa kwenye foleni, na mambo gani ya kufanya kabla ya kutoa dola yako hata moja.

Kamera ya kazi ni gani?

Tunaita kamera ya kazi ile yenye mutu anategemea ili nyumba yake ile. Inapiga siku nzima, inavumilia mvua ndogo na mavumbi, inashika uso wa mutu vizuri hata kwenye giza la kanisa. Kamera nyingi za namna hiyo zinabeba kadi mbili za kuchunga picha: moja ikiharibika, ya pili inabaki na kazi yote. Arusi hairudiliwe. Mupiga picha aliyepoteza picha za arusi ya watu amepoteza jina lake katika kartie nzima.

Makampuni makubwa yanayotengeneza kamera hizo ni tatu: Canon, Nikon na Sony, yote ya Japani. Bei zao ni kali. Nikon Z9 ilitangazwa tarehe 28 mwezi wa kumi 2021 kwa bei ya karibu dola 5.500 kule Marekani. Nikon Z8, ya mwezi wa tano 2023, ilikuwa karibu dola 4.000. Canon EOS R5 Mark II ilitangazwa mwezi wa saba 2024 kwa dola 4.299. Bei hizo ni za mwili wa kamera peke yake. Lenzi inauzwa kando, na lenzi nzuri inaweza kugarimu sawa na kamera yenyewe.

Kamera hizo zote tatu zilikosekana zilipotoka. Nikon iliomba wateja wake radhi kwa sababu maombi yalipita uwezo wa kiwanda, sawa ilivyofanya mbele, mwaka 2017, kwa kamera yake D850. Canon nayo ilitangaza kwamba R5 Mark II haitatosha watu wote walioiomba. Basi, ukiambiwa "haijafika", inaweza kuwa kweli kabisa.

Juu ya nini kiwanda hakiongeze?

Mutu anaweza kuuliza: kama watu wanataka kununua, juu ya nini kampuni haitengeneze mingi? Kuna sababu tatu za kuelewa.

Ya kwanza, simu iliua kamera ndogo. Mwaka 2010 makampuni ya Japani yalitoa kamera za dijitali karibu milioni 121. Mwaka 2023 zilikuwa chini ya milioni 8. Kamera ndogo za mufuko ndizo zilikufa zaidi, lakini pamoja nazo viwanda vilifungwa, mashine ziliuzwa, wafanyakazi walirudishwa nyumbani. Hakuna kampuni inayotaka kufungua kiwanda kipya kwa kamera itakayopendwa mwaka mumoja kisha watu waisahau. Wanapendelea kutengeneza kidogo kidogo na kuacha watu wangoje.

Ya pili, kile kipande kinachopokea mwangaza na kuugeuza picha ni kigumu kutengeneza. Kwenye kamera kubwa za kazi kina milimita 36 kwa 24. Kinakatwa kwenye sahani ya silikoni yenye upana wa milimita 300, na sahani moja haitoe hata vipande mia moja vya ukubwa huo. Vipande vya simu ni vidogo sana, kwa hiyo sahani ileile inatoa vingi. Kuitengeneza sahani kunachukua wiki nyingi, na kosa dogo linatupisha kipande kizima.

Ya tatu, viwanda ni vichache na viko mahali pachache. Kimoja kikiguswa, dunia nzima inasikia. Tarehe 11 mwezi wa tatu 2011, tetemeko la ardhi na tsunami vilisimamisha kiwanda cha Nikon kule Sendai, Japani. Mwezi wa kumi mwaka uleule, mafuriko ya Tailandi yaliingia katika viwanda vya Nikon na Sony kule Ayutthaya, na kamera zilikosekana kwa miezi. Mwezi wa nne 2016, tetemeko lingine lilipiga Kumamoto, kwenye Sony inatengeneza vipande vya mwangaza, na makampuni mengine yanayonunua kwa Sony yaliumia pia. Mwisho wa 2021, Sony ilisimamisha kupokea komandi za kamera zake fulani kwa sababu vipande vya elektroniki vilikosekana dunia nzima.

Sisi watu wa Nyiragongo tunaelewa jambo hilo bila kufundishwa. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 volkano ilitoka, na lava iliteremuka mupaka Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Kwa usiku mumoja watu walipoteza nyumba, maduka na vyombo vya kazi. Kiwanda cha Japani nacho kiko juu ya ardhi inayotikisika.

Jiwe letu liko ndani

Kuna jambo ambalo wapiga picha wengi wa hapa hawalijue. Ndani ya kamera kuna vipande vidogo vinavyochunga umeme na kuuachilia kwa kipimo. Vingine vinatengenezwa kwa tantalum, na tantalum inatoka katika coltan. Hata kioo cha lenzi fulani kinachanganywa na tantalum, ili lenzi ipinde mwangaza vizuri bila kuwa nene sana.

Coltan tunaijua. Machimbo ya Rubaya, katika Masisi, yanatoa karibu asilimia 15 ya tantalum ya dunia kufuatana na hesabu zinazotajwa na Umoja wa Mataifa. Wazee wa hapa wanakumbuka pia mwaka 2000, bei ya coltan ilipopanda kwa haraka na vijana wakaacha masomo na mashamba kukimbilia mashimo. Mwaka 2001 bei ikaanguka.

Hatuwezi kusema kwamba jiwe fulani la Rubaya liko katika kamera fulani. Jiwe linapita mikono mingi, linachanganywa na mengine, na likifika kiwandani halina tena jina la kilima. Lakini njia yenyewe inaonekana: jiwe linatoka kwetu likiwa ndani ya mufuko, linazunguka dunia, na kinachorudi tunakinunua kwa dola 4.000, tukiwa wa mwisho kukipata.

Foleni haiko moja

Watu wengi wanafikiri foleni ya kamera iko sawa na foleni ya maji kwenye robine: aliyefika kwanza anachota kwanza. Haiko hivyo.

Kampuni inagawanya kamera chache ilizonazo kwa nchi. Nchi zenye wanunuzi wengi, sawa Marekani, Japani, Uchina na zile za Ulaya, zinapata fungu kubwa. Ndani ya nchi hizo pia kuna watu wa mbele. Nikon na Canon zina vyama vya wapiga picha wa kazi, na kule Marekani, Z9 ilipotoka, wanachama wa chama cha Nikon waliweza kupewa nafasi ya mbele. Mashirika makubwa ya habari nayo yananunua kwa wingi. Mwezi wa saba 2020, shirika la Associated Press lilitangaza kwamba wapiga picha wake dunia nzima watapewa vyombo vya Sony.

Kisha kuna wachuuzi. Fujifilm ilipotoa kamera yake ndogo X100VI mwezi wa pili 2024 kwa dola 1.599, watu walinunua ili wauze tena, na bei ikapita ile ya kampuni. Mutu anayetaka kufanya kazi anakuta amepitwa na mutu anayetaka faida tu.

Sisi hapa tunanunua kwa duka la Dubai, Nairobi, Kampala ao Kigali, ao kwa ndugu aliye Ulaya. Duka hilo lenyewe liko kwenye foleni yake. Kwa hiyo muuzaji wa Goma akikuambia kamera itafika "wiki ijayo", muulize swali moja: sasa hivi kamera iko wapi? Kama iko mukononi mwa mutu Kampala, ni jambo la safari. Kama bado haijatoka kwa kampuni, hakuna mutu wa Goma anayejua tarehe, hata aape namna gani.

Kutoka duka mupaka Kanyaruchinya

Kamera ikipatikana, bado njia. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa kwa ndege za abiria na mizigo ya biashara mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, M23 ilipochukua muji. Toka wakati huo, muzigo mudogo wa bei kubwa sawa kamera unapitia mara mingi Kigali kisha mupaka wa Gisenyi, ao Kampala kisha Bunagana na barabara ya Rutshuru, ile inayopita hapa mbele yetu kuelekea muji. Bunagana nayo iko mikononi mwa M23 tangu tarehe 13 mwezi wa sita 2022.

Kila hatua ina bei. Kuna usafiri, ushuru wa nchi unakopita, ushuru wa mupaka wetu, na mutu aliyebeba. Batri za lityumu zina sheria zake kwenye ndege, na makampuni mengine ya usafiri yanazikatala kama hazikufungwa vizuri. Ndiyo sababu kamera ya dola 4.299 haifiki hapa kwa dola 4.299. Uliza bei ya mwisho, kamera ikiwa mukononi mwako, na uiandikishe.

Garanti nayo ina mipaka. Mara mingi inafuata nchi ambamo kamera iliuzwa. Tawi la Nikon la Marekani linajulikana kwa kukatala kutengeneza kamera zilizoingia kule bila kupitia kwake, hata kwa malipo. Basi muulize muuzaji: ikiharibika mwezi wa pili, inarudi wapi, na nani analipa safari?

Hatari kubwa ni feza ya mbele

Benki za Goma zilifunga milango mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, na watu wengi wakahamia kwenye M-Pesa, Airtel Money na Orange Money, ao feza ya mukononi. Feza ya mukononi haina kumbukumbu. Ukimupa komisioneri dola 1.000 barabarani, kesho ni neno lako na neno lake.

Mambo yanaenda mara mingi hivi. Mupiga picha ana arusi mbili mwezi ujao. Anaona kwenye simu ya mwenzake kamera inauzwa chini ya bei ya kampuni. Muuzaji anasema kuna tatu tu, watu wengine wanazitaka, lipa nusu leo. Analipa. Kisha zinakuja sababu: duani, mupaka, mwenye muzigo ni mugonjwa. Sababu hizo zinaaminika kwa kuwa kamera ni kweli zinakosekana na njia ni kweli mbaya. Ukosefu wa kweli ndio unamusaidia mwongo.

Kabla ya kutoa avansi, fanya haya:

1. Linganisha bei. Kamera inayokosekana dunia nzima haiuzwe hapa kwa bei ya chini kuliko ya kampuni. Ikiwa hivyo, ni ya wizi, imeharibika, ao haiko.

2. Omba numero ya seri na picha ya kamera iliyopigwa leo, pamoja na karatasi yenye jina lako na tarehe. Picha zilizotolewa kwenye intaneti hazihesabiwe.

3. Andika karatasi. Iwe na majina kamili ya wote wawili, aina ya kamera, bei ya mwisho, avansi, tarehe ya mwisho ya kungoja, na neno wazi kwamba tarehe hiyo ikipita feza inarudi. Wote waweke sahihi mbele ya mashahidi wawili. Shefu wa avenu ao wa nyumba kumi anaweza kuwa mumoja wao.

4. Tuma kwa simu kuliko mukononi, ijapokuwa kuna malipo ya kutuma. Ujumbe wa kutuma unabaki, na unaonyesha jina la aliyepokea. Chunga ujumbe huo, na uupige picha kama simu yako ni nzee.

5. Usitoe avansi kwa feza ya kukopa ao ya likelemba. Kamera ikichelewa miezi sita, wenzako wa likelemba hawatangoja miezi sita.

6. Anayekatala karatasi, mwache. Mufanyabiashara wa kweli naye anapenda karatasi, kwa sababu inamulinda pia siku muteja anabadilisha mawazo.

Okazyo: njia fupi yenye miiba

Wengi hapa wanafanya kazi na kamera za okazyo, na hakuna haya ndani yake. Kamera mupya ikitoka, ya zamani inateremuka bei. Nikon D850, ambayo watu waliingoja mwaka 2017 kwa karibu dola 3.300, leo inapatikana okazyo kwa bei ya chini sana kuliko hiyo, na bado inapiga picha zinazoweza kubandikwa kwenye ukuta muzima. Canon 5D Mark III ya mwaka 2012 na Nikon D750 ya mwaka 2014 bado zinalisha familia.

Kwenye kamera za namna hiyo kuna pazia ndogo inayofunguka na kufunga kila picha. Kampuni inaipima: D850 kwa picha 200.000, Canon 5D Mark III na D750 kwa picha 150.000. Ni kama kilometa za moto. Kuna programu za kusoma hesabu hiyo. Mutu wa studio mwenye ordinateri anaweza kukusaidia. Kamera yenye hesabu kubwa inaweza kuendelea, lakini bei yake ishuke.

Angalia pia vitu hivi: piga picha ya mbingu nyeupe uone kama kuna madoa, weka kadi kwenye nafasi zote mbili, jaribu kila kitufe, fungua mulango wa batri utafute kutu. Mavumbi ya volkano ya kwetu ni makali, yanakwaruza kioo na yanaingia ndani ya lenzi. Linganisha numero ya seri ya chini ya kamera na ile ya sanduku.

Na uliza kamera imetoka wapi. Wakati wa vita ya mwezi wa kwanza 2025, maduka, maghala na ofisi mingi katika Goma viliporwa. Ukikutwa na kamera ya mutu, utapoteza kamera na feza, na unaweza kufungwa. Muuzaji asiyeweza kusema alinunua kwa nani, usimufuate hata bei ikiwa tamu.

Kazi haingoje

Kijiji chetu kimepigwa picha sana. Wakimbizi wa vita walijaa Kanyaruchinya mwaka 2012, na tena kuanzia 2022. Kambi hiyo ilikuwa tupu mwezi wa pili 2025. Picha za matente juu ya mawe meusi zilizunguka dunia. Nyingi zilipigwa na wageni waliofika asubuhi na kamera mupya, na kurudi Goma kabla ya jua kuzama.

Lakini mwaka 2020, Covid-19 ilipofunga mipaka, mupiga picha Finbarr O'Reilly, aliyepewa tuzo ya Carmignac kwa kazi juu ya Kongo, hakuweza tena kusafiri sawa alivyopanga. Kazi ile, iliyoitwa Congo in Conversation, ilifanyika pamoja na wapiga picha wanaoishi hapa nchini. Mwaka uleule, Pamela Tulizo, binti wa Goma, alishinda tuzo ya Dior ya vijana wapiga picha. Hawa walikuwa mahali, walijua watu, na walifanya kazi na vyombo walivyokuwa navyo.

Kwa hiyo, ukingoja kamera, usisimamishe kazi. Kama arusi ni kubwa, kodisha kamera kwa mwenzako siku moja na muandikiane. Nunua lenzi nzuri mbele ya mwili mupya, kwa sababu lenzi itabaki hata ukibadilisha mwili. Lakini hakikisha inaingia kwenye kamera unayongoja. Nunua batri ya pili, maana umeme unakatika. Chunga picha zako mahali pawili.

Vijana wawili ao watatu wanaweza pia kununua kamera moja pamoja, kama wanavyofanya wenye moto. Hapo tena karatasi ni lazima: nani anaichunga, siku gani ni ya nani, na ikianguka nani analipa.

Kamera itafika. Z9 ilikosekana, leo inapatikana. D850 ilikosekana, leo ni okazyo. Kila kamera iliyongojewa ilifika siku moja na bei yake ikashuka. Feza iliyotolewa bila karatasi ndiyo hairudi. Kama una mashaka juu ya muuzaji, muulize mwenzako wa studio mbele ya kulipa. Muzee wa kartie aliyeona mikataba mingi naye anaweza kukusomea karatasi yako bure.